Zimeni 3G, kitochi cha bibi kiacheni

Kuna malalamiko nayasikia kila nikipanda Lushoto, hasa kule upande wa Mlalo na yale mabonde ya ndani ndani, na wala sio Lushoto tu, Njombe utayasikia, Mbulu utayasikia. Mnara tunauona kwa macho, ule pale juu ya kilima, taa nyekundu inawaka usiku kucha, ila simu ikijitahidi sana inaandika E, yani intaneti ya 2G, na ukiingia ndani ya nyumba hata hiyo E inakimbia. Alafu mtu anamalizia, "waongeze minara." Sawa, iongezwe, sikatai, na mwaka 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini na kampuni za simu kujenga minara 758 kwenye kata 713, sio kazi ndogo hiyo. Ila mimi nimewahi kula mkate wa kupanda minara na kufunga antena, na nakwambia mara nyingi mnara hauna kosa, cha kuuliza ni kilichofungwa juu yake kinaongea kwa masafa gani, yani kwa mawimbi ya redio ya namba gani. Hapo ndo wengi hatupaangalii, maana masafa hayaonekani, huwezi kuyapiga picha ukaweka status.

Fikiria kigodoro kinapigwa mtaa wa tatu. Wewe uko ndani, madirisha umefunga, unachosikia ni nini? Besi tu, du du du mpaka bati linatetemeka, maneno anayoongea MC wala huyapati. Redio za simu nazo tabia yao ni hiyo hiyo. Masafa yanapimwa kwa megahezi, namba ikiwa ndogo wimbi ni refu. Wimbi la megahezi 700 lina urefu kama sentimita 43, la 2100 ambako 3G ilianzia lina sentimita 14 hivi, na la 3500 ambalo 5G inalipenda halifiki hata sentimita 9. Lile refu linapinda kidogo juu ya kilima, linapita kwenye miti, linaingia kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, na hata pakiwa wazi kabisa bila kizuizi, kwa antena za aina moja na nguvu moja, ya 700 inakufikia ikiwa na nguvu kama mara tisa ya ile ya 2100. Mara tisa! Ndo maana unaweza kuwa na minara miwili mirefu sawa, rangi sawa, kampuni moja, mmoja unahudumia vijiji vitano na mwenzake unahudumia stendi na soko basi.

Sasa mtu atauliza kwa nini wasitumie ya chini kila mahali. Kwa sababu ya chini ni finyu. Bendi nzima ya 700, yani kipande chote cha masafa ya hapo, kwa huku kwetu ni megahezi 30 za kupandisha (simu kwenda mnarani) na 30 za kushusha, mgawane kampuni zote, wakati kule juu kwenye 3500 kampuni moja inaweza kukaa na megahezi 100 peke yake. Kariakoo saa saba mchana watu wamejaa wote wanaangalia video, hapo unahitaji upana, masafa ya juu ndo yenyewe. Mlalo unahitaji kufika. Ni mahitaji mawili tofauti kabisa na kila nikiona tangazo la 5G na mabango makubwa najua hilo tangazo halimhusu mjomba wangu aliyeko bondeni.

Alafu kuna kitu kingine hakisemwi. Mnara una nguvu, una umeme, una antena kubwa, kuongea na wewe sio tatizo. Tatizo ni simu yako kuujibu. Kile kitochi cha bibi, kikiwa kwenye 2G ya 900, kinaruhusiwa kurusha mpaka wati 2. Smatifoni yako ya laki tano ikiwa kwenye 4G kikomo chake kwa kawaida ni wati 0.2, yani sehemu moja ya kumi. Ndo ile unakuta bibi anaongea na simu nje ya banda la ng'ombe vizuri kabisa anacheka, na wewe mjukuu umeshika simu juu kama unaomba mvua. Na 2G yenyewe imetengenezwa kwenda mpaka kilomita 35 kutoka mnarani kabla hesabu zake za muda hazijagoma. Kwa hiyo ukitaka intaneti ya kijijini ifike mbali lazima uipe masafa ya chini, hakuna ujanja mwingine, kwa sababu kwenye 4G simu yenyewe haina pumzi.

Sasa masafa ya chini yalikuwa ya nani? Ya TV.

Wanaokumbuka mwisho wa mwaka 2012 wananielewa. Tarehe 31 Desemba 2012 usiku Dar es Salaam ikazimiwa analojia, ikafuata mikoa mingine kwa zamu, na kila mwenye TV ya chogo na antena ya kijiti juu ya bati akaambiwa akanunue king'amuzi. Watu walilalamika aisee. Ving'amuzi vilikuwa vya StarTimes, Ting na Continental, foleni, bei, vingine vinakwama mvua ikinyesha, na wengi walijua hii ni biashara ya watu imetengenezwa tu ili tulipie TV tuliyokuwa tunaangalia bure. Hakuna aliyekaa na mama wa nyumbani akamwambia kwamba hayo masafa yanayoachwa wazi yatakuja kuwa intaneti ya kijijini. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walisema picha itakuwa safi na chaneli zitakuwa nyingi, kweli, ila kwa maoni yangu sababu kubwa ilikuwa upande wa simu na hiyo haikuuzwa kabisa kwa wananchi.

Kenya ndo kulikuwa moto zaidi. Wao vyombo vikubwa viligoma, wakaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, na Februari 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, Citizen, NTV, KTN na QTV zikawa hazionekani karibu wiki tatu. Wiki tatu bila habari ya saa moja, fikiria. Lakini hata wangeshinda kesi tarehe ilikuwa inawasubiri, maana nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba ikifika 17 Juni 2015 TV ya analojia haina ulinzi tena, mtambo wa jirani ukikuingilia huna pa kushtaki. Mitambo ya TV inarusha mbali, haijui mpaka wa Horohoro wala wa Namanga, kwa hiyo haikuwa rahisi nchi moja kubaki analojia peke yake.

Na kuna habari moja naipenda kwenye mambo haya. Mkutano wa dunia wa kugawa masafa ya redio wa mwaka 2007 ulishatoa kipande cha megahezi 790 mpaka 862 kwa simu. Wazungu wakaridhika nacho. Mwaka 2012 kwenye mkutano uliofuata, nchi za Afrika na za Kiarabu zikasimama zikasema sisi hicho hakitutoshi, tunataka na 694 mpaka 790, maana sisi hatuna nyaya za simu majumbani kama nyinyi, intaneti yetu yote inapita hewani. Ulaya hawakujiandaa kwa hilo, wakahangaika, mwisho ikakubaliwa, utekelezaji baada ya mkutano wa 2015. Leo sehemu kubwa ya Ulaya inatumia 700 kwa simu. Tumezoea kupokea tu, hili tuliliomba sisi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Chaneli moja ya TV ya analojia ilikula megahezi 8 na ikaonyesha kituo kimoja tu, ITV peke yake au TBC peke yake. Dijitali kwenye megahezi 8 zile zile unabana vituo zaidi ya kumi. Sasa ukivibana vituo vyote vikakaa chini ya 694, juu yake panabaki megahezi 96 tupu, ambazo ni chaneli kumi na mbili za TV za zamani. Hizo ndo zikawa bendi ya 700. TCRA walipiga mnada wa vipande vyake mwaka 2018, na Oktoba 2022 wakapiga mnada mkubwa wa 700, 2300, 2600 na 3500 ambao uliingiza zaidi ya dola milioni 180, Airtel peke yao walitoa dola milioni 60 na kitu kwa megahezi 140 za kwenye 2600 na 3500. Miaka kumi imepita kati ya kumzimia mtu TV na kumaliza kuyauza masafa yake. Naona ni muda mrefu mno, ila ukiangalia Afrika Kusini unashukuru, wale walipiga mnada Machi 2022 wakavuna zaidi ya randi bilioni 14, na wakati huo TV ya analojia ilikuwa bado haijaondoka kwenye hayo masafa, kesi juu ya kesi, mnunuzi amelipia na mpangaji hajahama.

Kuna waliohamishwa kimya kimya bila hata kutangaziwa redioni, nao ni maiki za wireless. Zile za kanisani, za ma-MC, za kwenye kumbi za harusi. Nyingi za zamani zilikuwa zinatumia masafa yale yale ya TV kwa kujibanza kwenye nafasi tupu katikati ya chaneli, hakuna aliyejali. Sasa simu zikaingia 700. Marekani walizipiga marufuku kwenye 700 tangu Juni 2010, huku kwetu maiki ya mtumba inashuka na kontena na inauzwa bila swali. Mchungaji anaanza kuhubiri maiki inakwaruza, analaumiwa fundi mitambo, kumbe ni simu mia tatu za waumini zinaongea na mnara. Na upande wa pili nao unaumia, maana maiki ikirusha kwenye masafa ambayo mnara unasikilizia simu, mnara unajaa kelele na simu za pembezoni hausikii tena vizuri. Kwa hiyo ukiona Jumapili mtandao wa mtaa unasuasua saa nne mpaka saa saba usikimbilie kusema watu wamejaa, inawezekana ni maiki.

Hayo ya TV yamepita. Yanayokuja sasa yanatuhusu wenyewe, kwa sababu masafa ya chini yaliyobaki hayako tena kwa watu wa TV, yako ndani ya kampuni za simu zenyewe, yamekaliwa na 2G na 3G. Bendi ya 900 kwa mfano ina megahezi 35 kila upande, kampuni zimegawana, kila mmoja ana kipande chake kidogo, na ndani ya hicho kipande 2G imekaa tangu enzi za vocha za kukwangua. Chukua megahezi 5 tu. Ukiwapa 2G zinaingia njia 25 za kilohezi 200 kila moja, mazungumzo tele, lakini intaneti yake, hiyo E, simu moja haipati zaidi ya kilobiti 236 kwa sekunde kwa hali ya kawaida, na hapo ni siku nzuri. Megahezi 5 hizo hizo ukiwapa 4G kwa antena mbili zinaweza kufika kama megabiti 37 kwa sekunde za kugawana mnara mzima. Masafa ni yale yale, mnara ule ule, kilima kile kile. Hakuna zege iliyomwagwa.

Kazi ya kuhamisha yenyewe inafanyika usiku, saa sita mpaka saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Sisi tuko juu ya mnara kwenye baridi kama redio inabidi ibadilishwe, ila redio nyingi za siku hizi zinaongea vizazi viwili au vitatu kwa pamoja kwa hiyo mhandisi anakaa ofisini Dar anabana njia za 2G, anazipanga upya zisigongane mnara na mnara, anafungua nafasi anawasha 4G, sisi huku chini tunazunguka na gari na simu za kupimia kuona kama simu zinakatika. Na zinakatika kweli. Mnara mmoja ukibaki na mpangilio wa zamani wakati majirani zake wamehama, unawachafulia wote, mlima mzima unakoroma. Kwa hiyo haifanyiki mnara mmoja mmoja kwa raha zako, inafanyika eneo kwa eneo, na asubuhi wateja wanapiga huduma kwa wateja wanasema jana simu ilikuwa inashika leo haishiki. Wana haki.

Sasa nikuulize, ukiambiwa uzime kimoja uachie masafa, utazima 2G au 3G? Wengi watasema 2G bila kufikiri maana ndo ya zamani. Marekani walifanya hivyo, AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G wakaja kuizima Februari 2022. Ujerumani wakafanya kinyume, kampuni zao tatu zote zilizima 3G mwaka 2021 na 2G wakaiacha mpaka leo inapumua. Mimi niko na Wajerumani kwenye hili, asilimia mia.

Angalia nani yuko kwenye 2G hapa kwetu. Kwanza kitochi, ambacho sio cha bibi tu, bodaboda wengi wana smatifoni na kitochi cha akiba kwa sababu chaji inakaa siku nne. Pili pesa za simu. Unapopiga *150*00# au *150*60# ile menyu haihitaji bando wala intaneti, inapita njia ya 2G bila shida, na kuna familia nzima inaishi kwa hiyo menyu, ada za shule, mbolea, michango ya msiba. Tatu mashine. Mashine nyingi za EFD dukani ndani zina laini na zinatuma risiti TRA kwa 2G, vifaa vingi vya kufuatilia magari na pikipiki navyo hivyo hivyo, nenda kamwambie mwenye duka la vifaa vya ujenzi Gairo anunue EFD mpya kwa sababu kampuni ya simu inataka kuboresha, utatoka mbio. Na 2G ina uzuri mmoja, inakubali kubanwa. Unaweza kuiachia kipande chembamba cha megahezi mbili tatu ikaendelea kuhudumia sauti na menyu.

3G haibaniki. Njia yake moja inataka karibu megahezi 5 nzima, ama unayo ama huna. Ilikuja na 2100, baadaye ikapandikizwa mpaka kwenye 900 kule ambako bei ya masafa ni dhahabu, na inachofanya leo hakuna ambacho 4G haifanyi vizuri zaidi. Iondoke.

Najua kuna wa kuumia. Kuna mtu ana smatifoni ya zamani inayoishia 3G, alinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, siku 3G ikizimwa huyo anashuka moja kwa moja mpaka E, WhatsApp ya picha anaisahau. Huyo lazima ajulikane kabla, kampuni zinajua kila simu iliyo kwenye mtandao wao ni ya aina gani, sio siri, kwa hiyo watafute wateja hao wawapunguzie bei ya simu mpya kabla ya kuzima, sio kuwatumia meseji moja ya "mteja wetu mpendwa" siku tatu kabla. Na kuna jambo la kupiga simu. Umewahi kuona uko 4G mtu akikupigia alama inageuka H (ya 3G) au E, ukikata inarudi? Hapo simu yako haijui kupiga kwa 4G, au kampuni haijaifungulia, kwa hiyo inarudi nyuma kutafuta kizazi cha chini kwa ajili ya sauti. 3G ikiondoka itarudi 2G, simu utaongea vizuri ila wakati unaongea data inasimama. Usumbufu, ndio, lakini simu inapigika. Australia walifika pabaya zaidi kwa sababu 2G walishaizima kati ya 2016 na 2018, ilipofika zamu ya 3G Oktoba 2024 ikaonekana kuna simu za 4G ambazo zikipiga namba ya dharura 000 bado zinategemea 3G, kampuni zikalazimika kuzifungia kabisa hizo simu zisitumike. Watu wana simu nzima mkononi imefungiwa. Wangekuwa na kamkanda kembamba ka 2G pale chini wasingefika huko.

Nimeulizwa sana inbox simu gani ninunue ishike kijijini, na wauzaji wengi wanajibu "hii 4G hii, kaka, chukua." 4G sio jibu. Unaweza kuwa na 4G ambayo haijui 700 kabisa, hasa simu zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine na mitumba ya nje, mnara unatangaza pale juu na simu yako ni kiziwi. Ingia mtandaoni andika jina kamili la modeli, tafuta orodha ya bendi zake, 700 ni B28, 800 ni B20, 900 ni B8. Ikikosa B28 na unakwenda kuishi bondeni, irudishe dukani. Alafu kwenye setingi tafuta pa kuwasha VoLTE, yani kupiga simu kwa 4G, kama ipo iwashe, nyingi zinakuja imezimwa. Na ukifika nyumbani usiiweke simu chini sebuleni ukaanza kutukana, iweke dirisha linaloangalia upande wa mnara, washa hotspot, mkae wote mtumie kutoka hapo. Mjomba wangu ameipigilia mfuko wa kitambaa dirishani kabisa, simu inakaa humo kuanzia saa mbili usiku na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa mpaka taarifa ya habari iishe.